Mwaka Tuliochoma Kilima kwa Ajili ya Wageni

Tulioketi siku ile nyumbani kwa marehemu Yustina, baada ya mazishi, tulikuwa hawa. Mimi, Renatha Kokwijuka, rafiki wa marehemu, ambaye kibanja changu kinapakana na zizi lake. Kulia kwangu Kokugonza, mjane wa shemeji yangu. Mimi na yeye tumeolewa katika ua mmoja, tumegombana na kupatana humo mpaka nywele zimekuwa nyeupe. Karibu na mlango, kwenye kigoda, Ta Faustini, aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji mwaka ninaotaka kuueleza. Akili yake iko pale pale, masikio ndiyo yamemtoroka. Mbele yake Gozbert, aliyekuwa msimamizi wa shamba la kampuni, siku hizi amestaafu na ana duka la pembejeo Kayanga. Alikuja kwa bodaboda, vumbi limemjaa hadi kwenye kope. Na Adventina, binti mkubwa wa Yustina, aliyekuwa akiingia na kutoka na birika la chai ya maziwa, maana mtoto wa marehemu hapati hata nafasi ya kukaa akalia. Wengine walikuwepo, na majina yao ninayo yote, lakini nikiyaandika hapa mtachoka. Hawa niliowataja ndio waliokuwepo mwaka ule pia, Adventina akiwa bado msichana wa shule. Aliyepungua ni Yustina.

Chini yetu kulikuwa na nyasi mbichi, zimetandikwa ukuta hadi ukuta, kama tunavyotandika nyumba zetu wanapokuja watu wa heshima. Harufu yake mnaijua, ninyi mliolelewa huku: kama mvua iliyoingia ndani ikaketi. Ta Faustini aliinama, akachomoa unyasi mmoja, akauvuta katikati ya vidole. Akasema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo wasiosikia vizuri, "Hizi ni za mteremkoni. Za Yustina." Kokugonza akamjibu, "Ulitaka ziwe za wapi, baba? Zile nyingine si ulizichoma?" Watu wakacheka, kisha kicheko kikageuka kilio, kisha tukafuta macho tukanywa chai. Adventina akasimama na birika mkononi, akatutazama mmoja mmoja. "Mnacheka nini? Mama naye alikuwa akicheka hivyo hivyo, hakunieleza kitu." Basi tukaanza kumweleza, kila mtu kipande chake, na ndipo nikaona kwamba vipande vyetu haviungani vizuri. Ndiyo sababu naandika.

Vijana hudhani mtu hujengwa akiwa msichana. Mimi mwaka ulionijenga ulinikuta nina wajukuu. Kabla yake nilikuwa mtu wa kibanja changu na jiko langu. Mkutano ukiitishwa nakaa nyuma na wanawake wenzangu tunachambua maharage. Kibanja chetu kilikuwa kizuri. Migomba ilikuwa imesimama mpaka ukiingia ndani saa sita mchana unasikia baridi, kahawa chini ya migomba, maharage chini ya kahawa. Mgeni akipita anamsifu baba mwenye nyumba, na baba mwenye nyumba anakubali sifa. Lakini mgomba unakula nyasi. Usipoutandazia nyasi chini, udongo unakauka, mvua inauchukua, na mkungu unakuja mdogo wa kukutia aibu mbele ya wakwe. Na nyasi zilitoka juu ya kilima, kwenye rweya. Rweya ndivyo tunavyouita uwanda wa nyasi ambao si kibanja cha mtu yeyote. Pale wanawake tulikata nyasi za vibanja na za kutandika nyumba, tukalima vijishamba vya njugu mawe. Pale pale ng'ombe wa kina Yustina walilishwa. Yustina alikuwa mke wa Eliya, watu wa ng'ombe, waliohamia wakajenga chini ya kilima. Mimi nilimpelekea ndizi, yeye akanipa maziwa na samadi. Ng'ombe wake akiingia kwenye maharage yangu nilimtukana kwa Kinyambo, naye ananijibu kwa upole, "Ma Renatha, ng'ombe hajui kwamba umelima. Anajua kwamba umepika."

Habari ya wageni ilikuja mwisho wa kiangazi. Kampuni ilikuwa inatafuta mahali pa kulima kahawa, kahawa tupu, shamba moja kubwa, na watu wake walikuwa wanakuja kukiona kilima chetu. Ta Faustini alikuwa mwenyekiti mwenye bidii, mtu wa kupenda kijiji kisifiwe. Akawaza: wageni watapita wapi? Nyasi zimefika kifuani, zinakata miguu, zina nyoka, zina kupe. Sasa huku kwetu njia ya mgeni inafyekwa. Ukiniambia unakuja kwangu, nikakuacha upite kwenye majani, umenitukana wewe au nimekutukana mimi? Basi akaagiza kilima kichomwe. Kuchoma kwenyewe hakukuwa kitu kigeni, kila mwaka tulichoma ili nyasi changa ziote kwa ajili ya ng'ombe. Lakini tulichoma upande mmoja, upande wa pili tukauacha wa kukata, mwaka unaofuata tunageuza. Mwaka ule kilichomwa chote. Moto ulipanda mchana kutwa, majivu yakaanguka kwenye sufuria zetu. Yustina alikuja mbio mpaka uani kwa mwenyekiti, kanga imemfunguka begani. "Ta Faustini, shikamoo. Umechoma ghala."

"Marahaba, mama. Nimefagia njia. Wageni watatembea vizuri."

"Watatembea vizuri kuelekea wapi?"

Mzee akacheka tu. Alimwona ni mwanamke wa ng'ombe anayelilia malisho, na malisho yangeota tena mvua ikinyesha.

Wageni walipokuja tuliwapikia nyumbani kwa Ta Faustini, mimi na Kokugonza tukiwa jikoni. Ndizi zilizopikwa na maharage, kuku wawili, senene wa akiba waliokaangwa mwaka uliopita, na kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo. Ukuta wa jiko ulikuwa wa fito, ukisogea unasikia yote. Walikuwa wameshapanda kilima na kushuka, suruali zao nyeusi kwa masizi mpaka magotini. Mmoja akasema, "Eneo ni zuri, mzee. Liko wazi kabisa." Mwingine akasema, "Halina matumizi, ni majivu matupu. Kuna mtu analitumia?" Nikaacha kupakua. Nilisikia Ta Faustini akijibu kwa furaha ya mtu aliyesifiwa nyumba yake, "Liko wazi, karibuni sana, hakuna atakayewasumbua." Kokugonza akaninong'oneza, "Amesema nini?" Nikamwambia, "Amewakaribisha kwenye nyasi zetu." Akaniuliza, "Nyasi zipi?" Na kweli, siku ile hazikuwepo.

Mkutano wa kijiji ulifuata. Wanaume waliuliza swali moja kwa njia nyingi: vibanja vyetu vitaguswa? Wakaambiwa havitaguswa hata mgomba mmoja. Tena barabara itachongwa, vijana watapata kazi, kahawa ya kijiji itapata soko karibu. Watu wakapiga makofi. Hakuna aliyeuliza habari ya nyasi, kwa sababu nyasi ni kazi ya wanawake, na tuliozikata tulikuwa nyuma tunachambua maharage. Nisiwe mchoyo wa maneno: barabara ilichongwa kweli. Mtoto wa Kokugonza alipata kazi, akaezeka nyumba ya mama yake bati. Mtoto wa binti yangu alipougua, gari la kampuni ndilo lililompeleka hospitali. Haya niliyaona kwa macho yangu, nami siwezi kuyafuta kwa sababu ya yale mengine.

Yale mengine yalikuja taratibu. Trekta lilipanda kilimani mvua za kwanza zilipolainisha udongo, likageuza nyasi mizizi juu, pamoja na vijishamba vyetu vya njugu. Kilima kikawa chekundu. Wakapanda miche ya kahawa mistari mistari, wakazungusha waya. Ukabaki mteremko mmoja, upande wa bondeni, mkali mno kwa trekta, na wenyewe ulikuwa ndani ya waya. Nyumba zetu zikawa na sakafu za udongo mtupu. Nilimkaribisha mchungaji wetu akakanyaga vumbi, nikajisikia kama nimempokea nikiwa sijaoga. Kibanjani mvua zilipiga udongo usio na kitu juu yake, maji yakashuka na rutuba yetu mpaka mtoni. Bitoke vya msimu ule, ndizi zetu za kupika, vilikuwa kama vidole vya mtoto. Nikivimenya, nusu inabaki kwenye maganda. Mume wangu akimaliza kula anakomba sahani kwa kidole. Nilikuwa nimezeeka ndani ya kibanja kile, nikaanza kuhesabu kwamba nitakufa baada yake.

Na kwa Yustina mambo yalikuwa mabaya kuliko kwangu. Ng'ombe walizungushwa mbali, nje ya waya wote, wakarudi jioni wakiwa wembamba na maziwa kidogo. Siku moja nilikuta Eliya anafunga vibuyu vya maziwa kwa kamba. Yustina alikuwa ameketi kwenye kizingiti, anakuna kichwa. Nikauliza, "Mnakwenda harusini?" Akasema, "Eliya anataka tuhame, twende tukatafute nyasi mbele huko." Nikamwambia, "Na samadi yangu?" Akanitazama, akacheka mpaka chozi likamtoka. "Ma Renatha! Mimi nahama, wewe unalilia mavi ya ng'ombe." Lakini alijua nilicholilia. Nyasi zimekwenda, samadi nayo iende, kibanja kibaki na nini? Eliya alisema watasubiri kiangazi kipite, basi.

Kiangazi kile kilituokoa, ingawa kilikuwa kikali. Miche ya kampuni ilianza kukunja majani. Kahawa changa nayo inataka kufunikwa miguu kama mgomba, na Gozbert, msimamizi wao, alilijua hilo vizuri, kwani alizaliwa Karagwe katika migomba kama sisi. Nyasi zilizobaki zilikuwa za ule mteremko. Akashuka kuja kwa Kokugonza, akatukuta uani tunapura maharage, mimi, Kokugonza, Yustina na wenzetu. Akaamkia vizuri, akakaa kwenye kinu kilicholazwa. Akasema kampuni inataka akina mama wa kukata nyasi, kwa kibarua cha kulipwa kila jioni.

Kokugonza akadakia, "Mimi nimo. Mundu wangu una kutu, lakini nimo. Watoto wanataka sare."

Nikasema, "Tukate zile? Zilizobaki? Tukazitandaze kwenye kahawa yao, halafu turudi kwenye migomba yetu tukaitandazie nini, kanga?"

"Wewe Renatha una mume na kibanja. Mimi nina midomo ya kulisha."

"Kibanja gani? Umekiona?"

Tukaanza kutupiana maneno mbele ya mgeni, ya leo na ya zamani, mpaka la kuku wake aliyelala kwangu likatajwa. Gozbert akainamisha kichwa, anachora chini kwa kijiti. Yustina akapangusa mikono, akamgeukia. "Mwanangu, wewe una ng'ombe?" Gozbert akasema anaye mmoja, amemweka kwa rafiki yake huko Mabira anamchungia. "Unamlipa nini huyo rafiki?" Akasema hamlipi fedha, rafiki anakunywa maziwa, na ndama wakifika idadi waliyokubaliana mmoja anakuwa wake. Yustina akasema, "Basi waambie wakubwa wako mteremko ule ni ng'ombe wao, sisi tutauchunga. Mzigo mmoja wa nyasi tukate wa kahawa yao, mzigo mmoja wa vibanja vyetu. Tukishakata, ng'ombe wangu wapite walambe mabaki na kuacha samadi. Hatutauchoma wote, hatutaukata wote. Kila mwaka wataukuta hapo. Wakitulipa vibarua tukaumaliza, mwakani watatandaza nini?"

Kokugonza akauliza, "Na sare?" Yustina akamwambia, "Mkungu ukinenepa utauza, mama. Ukingoja kibarua utangoja kila jioni mpaka ufe." Kokugonza akasonya, lakini akahama mahali alipoketi, akaja upande wetu. Gozbert akasema atalifikisha neno. Hakutuahidi kitu, na mpaka leo nampenda kwa kutokuahidi kwake.

Baada ya siku kadhaa meneja mwenyewe akaja, nyumbani kwa Kokugonza, kwa sababu nyumba yake ndiyo yenye bati. Asubuhi ile Gozbert alituruhusu tukate mizigo michache, tukatandika sebule. Ilikuwa mara ya kwanza tangu moto. Wanawake waliingia wakasimama tu, wananusa. Meneja alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akakaa na soksi zenye tundu kwenye dole gumba, watoto wakaziba midomo. Tukampa kahawa ya kutafuna, akaitafuna kama mtu anayetafuna dawa, akaimeza na ganda. Yustina akayarudia maneno yake, neno kwa neno. Meneja akasikiliza, kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea: "Lakini mama, sisi tulipokuja tuliambiwa hapa hapatumiki. Tuliona wenyewe. Palikuwa majivu."

Hapo ndipo Ta Faustini aliposimama. Nilimwona anavyosimama, kwa kushika ukuta, naye wakati ule hakuwa mzee wa kushika ukuta. Akasema, "Mimi ndiye niliyechoma. Nyasi zilikuwa hapa." Akaweka kiganja kifuani. "Niliona mtaumia miguu. Mgeni kwetu anafyekewa njia. Mliuliza kama pako wazi, nikajibu kama mwenye nyumba. Sikujua kwamba mnauliza kama wanunuzi." Akakaa. Hakuna aliyemcheka. Meneja aliangalia nyasi alizokalia, akapitisha mkono juu yake, polepole. Akasema, "Kumbe mlitufagilia." Akasema hana mamlaka ya kuutoa mteremko, atawauliza walio juu yake, na kijiji nacho kifanye mkutano rasmi.

Tulingoja mpaka mvua zilipokaribia. Eliya alifunga vibuyu akavifungua, akavifunga tena. Kisha jibu likaja: waya utasogezwa, mteremko utabaki wa nyasi kwa mgawo ule wa mzigo kwa mzigo, ng'ombe watapewa njia ya kupita. Mkutano wa kijiji ukakubali, safari hii wanawake wakiwa mbele, na maharage tukiwa tumeyaacha nyumbani. Siku ya kuweka mpaka tulipanda mramura, ule mmea ambao wazee wetu wamekuwa wakiutumia mipakani tangu zamani. Yustina alipanda wa kwanza, Ta Faustini wa mwisho. Vibuyu vikarudi ukutani. Kilele cha kilima hatukukipata, mpaka leo ni cha kahawa yao, na njugu mawe mimi sijalima tena. Nikitaka kuzila nanunua sokoni kama mtu wa mjini. Ila migomba ilirudi. Haikurudi mwaka ule wala uliofuata, lakini ilirudi, na mume wangu alikufa ameshiba.

Hayo ndiyo tuliyomweleza Adventina. Alikuwa ameweka birika chini, amekaa kwenye nyasi katikati yetu, mara ya kwanza tangu asubuhi. Akauliza swali ambalo hatukulitazamia. "Sasa mteremko unaanzia wapi na kuishia wapi? Mama ndiye aliyekuwa anawaongoza wanaokata. Baba alishatangulia, mimi ndiye nitakayebaki na ng'ombe. Mwaka huu waya unasogezwa upya, kampuni ina meneja mpya, ananiuliza mimi." Ta Faustini akasema mramura wa mwisho aliupanda chini ya jiwe lile lililokaa kama ng'ombe aliyelala. Mimi nikasema hapana, ni juu ya jiwe. Kokugonza akasema ninyi wote mmezeeka, ni kwenye korongo. Gozbert akasema yeye anakumbuka jiwe, ila hakumbuki juu wala chini. Pakazuka ubishi, na hapo ndipo msiba ulipochangamka kweli.

Asubuhi iliyofuata tukapanda, Adventina mbele na mundu, Gozbert akimshika mkono Ta Faustini, mimi na Kokugonza nyuma tukihema na kupumzika. Mramura wa Yustina tuliukuta haraka, umekuwa mti, una matawi. Mingine imeliwa na ng'ombe, mingine imefunikwa. Kwenye jiwe Adventina alifyeka, akafyeka, na juu kidogo ya jiwe akakuta kisiki kimechipua. Nikamwangalia Ta Faustini. Akasema, "Huo si wangu. Wangu niliupanda chini." Tukashuka kidogo, akafyeka na hapo, hatukuona kitu. Adventina akakata vipande kutoka kwenye mti wa mama yake, akapanda kimoja juu ya jiwe na kimoja chini yake. "Meneja nitamwonyesha wa juu," akasema. "Nikishindwa nitashuka kwenye wa chini." Kokugonza akapiga makofi. "Huyu kweli ni mtoto wa Yustina."

Nimeandika ninavyokumbuka, na majina nimeyaweka kama yalivyokuwa. Ila jiwe linanisumbua, kwa sababu kati ya juu yake na chini yake kuna nyasi za kutosha kibanja kizima. Kama ulikuwepo siku ile ya kupanda mramura, au mama yako alikuwepo akakueleza, na unaona nimekosea, usininyamazie kwa kuwa mimi ni bibi. Pita kwa Adventina chini ya kilima, atakuwekea chai ya maziwa. Mwambie. Mvua bado, na waya haujasogezwa.